Papa, nimepata jibu la yai

Papa wangu,

Unakumbuka mchana ule ngozi ya Gaju ilipokuwa imeanikwa nyuma ya nyumba hapa mjini Baraka? Ng'ombe wako huyo mwekundu alishuka nasi kutoka milimani Minembwe akiwa mzima, kisha joto na kupe za huku chini vikamwangusha. Ulikuja kuketi kando yangu, mimi nikisahihisha kazi za wanafunzi.

"Banasema kwa redio, batu banaweza kuzalisha ngombe tena kutoka kwa ngozi yake," ukasema. "We iko mwalimu wa biolojia. Ni kweli?"

Nikakueleza kwamba ni kweli, ila ngozi iwe ya mnyama aliye hai. Wanachukua yai la ng'ombe mwingine, wanatoa kiini chake kinachobeba urithi, wanaweka kiini cha seli ya ngozi. Uliitazama ile ngozi iliyokauka na ukaelewa kwamba Gaju harudi. Hata hivyo hukuinuka. Nilipokwambia kwamba vijusi vingi vya namna hiyo hufa mapema, ukaniuliza, "Sasa juu ya nini inakufa, na yai ilikuwa muzima?"

Nilijibu kwamba sijui. Ukacheka kidogo, ukasema mwalimu naye anasomaka.

Nilisoma, Papa, lakini nilichelewa. Ulikuwa umeshazikwa.

Ni hivi. Kiini cha yai hakibebi urithi peke yake. Ndani yake mna vitu ambavyo kiini kigeni kinavihitaji ili kiache kazi ya ngozi na kuanza kazi ya ndama. Wakikitoa mapema, kikiwa bado kimefungwa, kinaondoka na vitu hivyo vyote, na kijusi kinasimama. Wakingoja yai likomae, ukuta wa kiini unayeyuka wenyewe na vitu hivyo vinabaki ndani ya yai. Hapo wanatoa nyuzi za urithi tu. Hata hivyo vingi bado vinakufa, ila vingine vinafika hadi kuzaliwa.

Wiki hii nimelifundisha somo hilo. Nilichora yai ubaoni. Msichana mmoja, ambaye familia yake pia ilishuka na ng'ombe, aliuliza kama ndama huyo angemjua mwenye ng'ombe wa zamani.

"Hapana," nikamwambia. "Atafanana na yule ng'ombe tu. Jina lake utaanza kumufundisha upya."

Akaandika. Nikafuta ubao, tukaendelea na somo.

Mama anasema nina moyo mgumu. Majirani wanasema nimejikaza. Sijajikaza, Papa. Nakula, nafua, naenda shule, na watu wakitaja jina lako naitika kana kwamba wanamtaja mtu wa mtaa wa pili. Tangu mazishi nayangoja machozi, na hayaji.

Leo nimekuandikia nikidhani yatakuja. Hayakuja. Lakini jibu lako ni hilo, nimelileta.

Lala, Papa.

Mimi, binti yako mkubwa