Kaka, Usivae Fulana Hiyo

Mashonaland, Zimbabwe

Kaka Rwegasira, waitu,

Shikamoo. Goti lako linasemaje na mvua hizi za Maruku? Na kahawa, mmeshaanua? Mimi ni mzima, mke wangu pia, ila tunalala katika chumba cha darasa, na sababu yake ndiyo imenifanya nishike kalamu. Kwenye simu unanikatiza. Karatasi huwezi kuikatiza; nitaipiga picha nikutumie, ikufikie leo leo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema mheshimiwa amewakusanya pale Muleba ninyi wazee mliopigana vita vya Kagera, akawaita walinzi wa ardhi, akawapa fulana na filimbi. Jumamosi ijayo mtawaongoza vijana kwenda kuwaondoa "wavamizi" kwenye rweya, yale maeneo ya nyasi anakolima dada yetu Kokugonza, ili ardhi igawiwe wazalendo. Nawe ndiye kamanda. Ulikuwa unacheka, kaka. Miaka mingi sijakusikia ukicheka hivyo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Usiniambie tena kwamba mimi ni mtu wa vitabu, sijawahi kushika bunduki. Ni kweli. Lakini haya ninayokuandikia sikuyasoma popote.

Unakumbuka nilivyowashangilia wapigania uhuru wa huku walipoingia kwenye mashamba ya walowezi. Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya shamba. Wenzangu walijificha, mimi niliwapikia chai. Na bado nasema, mbele ya yeyote: ardhi ile iliporwa, na aliyeporwa ana haki ya kurudishiwa. Hoja hiyo sijaiacha na sitaiacha. Kiongozi wao tulimwita Komredi. Risasi ya vita ilikuwa bado pajani mwake, kama kile kipande cha bomu kilichomo gotini mwako. Mkwe wangu, baba yake mke wangu, alikuwa amevuna tumbaku ya mlowezi tangu utoto. Komredi alimpimia kipande chake kwa hatua zake mwenyewe, akichechemea.

Ndipo nilipokuja likizo nikakata vipandikizi vya mulamula, mti wetu wa mipaka, katika kibanja chetu cha migomba, nikavitia begini. Askari wa forodha aliniuliza ni dawa ya nini. Nikamjibu, ya majirani. Nikaupanda mpakani mwa mkwe wangu, nikawaeleza watu kwamba kwetu anayeung'oa mti huu amewatukana hadi waliozikwa. Walinicheka sana. Lakini ulishika.

Mwezi uliopita, saa nne asubuhi, Komredi alikuja na vijana wenye virungu, wamevaa fulana zenye picha ya mkubwa. Kipande kile sasa kinatakiwa na bwana mmoja wa mjini. Na baba yake mkwe wangu alitoka Malawi, basi ghafla mzee amekuwa mgeni.

"Mwalimu, mtoe mzee wako," Komredi akasema.

"Si wewe uliyempa?"

"Nilitumwa kugawa. Leo nimetumwa kuondoa."

"Na kesho ukitumwa ujiondoe mwenyewe?"

Vijana wakacheka. Yeye hakucheka. Mkwe wangu, ambaye hajui kunyamaza, akamsogelea. "Wakati wa vita nilikuletea uji porini," akamwambia. "Mbona siku ile hukuniuliza baba yangu katoka wapi?"

Komredi akapuliza filimbi. Mulamula aliung'oa kwa mikono yake mwenyewe. Nyumba tuliyokaa naye waliibomoa wale vijana. Mkono wa mkwe wangu sasa uko kwenye plasta.

Wiki mbili baadaye Komredi alinifuata darasani. Shamba lake nalo limeonekana kwenye ramani ya yule bwana. "Niandikie barua, Mwalimu," akasema. Nikamwuliza nimwandikie nani. Alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yamemgusa kidevu.

Sasa unaniambia Kokugonza hataguswa, jina lake umeliweka pembeni. Kaka! Komredi naye aliniambia hivyo hivyo kuhusu mkwe wangu. Shemeji yetu, mume wa Kokugonza, babu yake alivuka mpaka akiwa kijana. Ukisimama pale na filimbi, utamwita nani mvamizi? Ulikwenda vitani kumfukuza mtu aliyevuka Mutukula akasema ardhi hii ni yake kwa sababu ana nguvu. Mnastahili heshima, na matibabu, na mashamba pia. Yadai hayo kwa jina lako, nami nitakuandikia kurasa mia. Lakini watu ambao miaka yote hawakuuliza goti lako linaendeleaje, leo wamekumbuka kwamba wewe ni shujaa, na dawa waliyokuletea ni filimbi?

Msalimie shemeji Adventina, mkeo; mwambie ule mkeka alionisukia tuliunusuru. Msalimie mjomba Ishengoma, fundi baiskeli wetu wa Ijuganyondo, aniwekee senene. Kokugonza na mumewe sikuombi uwasalimie. Utawakuta Jumamosi, uwaambie mwenyewe unachokwenda kuwaambia.

Neno langu moja, kisha kalamu naiweka. Ukiamua kuivaa fulana hiyo, usianzie Muleba. Kati ya kibanja chako na changu kuna mulamula alioupanda marehemu baba siku alipotugawia, wewe umeshika panga, mimi nimeshika ndoo ya maji. Mimi niko mbali, sina wa kunilindia. Anzia hapo. Simama mbele ya kaburi lake, puliza filimbi yako, ung'oe. Mkono wako ukiweza, nendeni Muleba, nami sitabishana nawe tena.

Mdogo wako, mbishi yule yule,

Kamugisha