Mama Anamfunza Mkwewe Namna ya Kumfukuza

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako, na ukitaka kucheka, cheka kidogo halafu unijibu, maana hata mimi nilianza kwa kucheka na sasa nalia. Mume wangu ni mtangazaji wa gari la matangazo, lile lenye spika juu ambalo hupita mitaani kutangaza mnada wa magodoro, mechi na misiba, watu wanamwita Radi, na msimu huu wa uchaguzi amepata kazi kwa mgombea anayetaka mpaka ufungwe na wote walioingia nchini bila vibali warudishwe kwao, na tangazo lake linaanza, "Ndugu mwananchi, mlango wa nyumba yako una kitasa, wa nchi je?" na linaishia, "Asiye na kibali, safari njema!"

Sasa Mshauri, Radi ana mazoea yake ya kazi, kila tangazo jipya hulifanyia mazoezi nyumbani akiwa ameingiza kichwa kwenye sufuria kubwa, anasema humo ndani sauti inarudi kama itakavyorudi barabarani, na msikilizaji wake ni mama yangu mzazi, ambaye tunaishi naye tangu baba alipofariki, kwa sababu mama ana sikio kali na hambembelezi mtu. Anakaa kwenye kochi anamfumia Radi sweta, anamwambia, "Baba, hapo kwenye 'safari njema' umekimbia. Vuta pumzi kwanza, mtu aisikie hiyo safari." Radi anavuta pumzi, anarudia, mama anaitikia kwa kichwa, na mimi jikoni na vitunguu vyangu natamani ardhi ipasuke inimeze, kwa sababu huyo mama hana kibali.

Alivuka mpaka akiwa msichana mdogo, ameshikwa mkono na shangazi yake, wakati kwao kulipochafuka, akaolewa hapa, akanizaa hapa, akamzika baba hapa, na karatasi hakuwahi kupata, mwanzo kwa kuogopa na baadaye kwa kuzoea. Mimi alinieleza nilipokaribia kuolewa na akaniapisha nisimwambie mtu, kwa hiyo Radi anajua tu kwamba mkwewe anatoka mkoa wa mbali. Lafudhi anayo kidogo, na akifuma huhesabu vishono kwa lugha ya kwao, tena kwa sauti, ila Radi hudhani anasali.

Juzi ikatangazwa kwamba maofisa watapita nyumba kwa nyumba kukagua vitambulisho, na aliyelitangaza hilo mtaani kwetu ni nani kama si Radi. Mama akakusanya sindano na nyuzi zake, akaondoka sebuleni. Nilipoingia chumbani kwake nikakuta begi limefungwa, limewekwa nyuma ya mlango, na juu yake ile sweta, imekwisha yote isipokuwa mkono mmoja. Nikamuuliza, akanijibu, "Nataka nitoke mwenyewe kabla sijatolewa mbele ya mkwe." Kaka yangu, naye aliapishwa kama mimi, anasema kuna bwana anayetengeneza cheti cha kuzaliwa kizuri kuliko cha serikali. Nikimwambia Radi naogopa atachagua kazi, nisipomwambia mama ataondoka, na huko anakotaka kwenda hana hata mtu wa kumfungulia mlango. Nifanyeje?

Ni mimi, Mke wa Radi.

MSHAURI ANAJIBU

Mke wa Radi, nimecheka kidogo kama ulivyoniruhusu. Pole. Kumsikiliza mama akimnolea mkwewe kisu cha kumkatia yeye mwenyewe, huku wewe unamenya vitunguu, si jambo jepesi, na machozi yako najua hayakutoka kwenye vitunguu peke yake.

Pole imekwisha, sasa nikugombeze. Unaniambia riziki ya mumeo ni sauti, anaingiza kichwa kwenye sufuria ili alisikie neno moja sawasawa, halafu hajaisikia lafudhi ya mtu anayekaa naye sebuleni? Na eti mama akihesabu vishono yeye hudhani anasali. Sala gani hiyo, bibi wewe, isiyo na amina? Ama mumeo ni mzito kuliko unavyomsifu, ama anashuku siku nyingi na amenyamaza kwa heshima ya mkwe. Mimi sikai kwenu, siwezi kuapa. Ninachokiona ni watu watatu katika nyumba moja, kila mmoja anamstahi mwenzake kwa kumficha jambo, na anayefungasha begi ni mzee.

Kuhusu siasa zake sitamtukana. Nchi kuwa na mlango si dhambi, hata mimi kwangu nafunga. Barua za kutaka mpaka ulindwe napata nyingi, na wengi wanaoziandika ni watu wema waliochoka kuona sheria inawabana wao na kuwaachia wengine. Wengine huniandikia kwamba hao wasio na vibali wakiondoka kesho, nusu ya kazi za mji zitalala. Wabishane, uchaguzi ndio kazi yake. Ila mtu akishatiwa kwenye tangazo hupotewa na uso, na mumeo amelikariri lile neno bila kujiuliza linamwangukia nani. Linamwangukia anayemfumia sweta.

Cheti cha yule bwana wa kaka yako msikiguse hata kwa kijiti. Leo mama amekosa karatasi, na hilo mwanasheria anaweza kulisimamia. Mkishika cheti cha kughushi mtakuwa mmeongeza kosa la jinai, na wewe na kaka yako mtaongozana na mama gerezani. Mtafuteni mwanasheria anayejua mambo ya uhamiaji, ulizia ofisi za msaada wa sheria zisizotoza kitu, na mwende kabla maofisa hawajabisha hodi. Mwanamke aliyeolewa, akazaa na kuzika hapa ana la kusema mbele ya sheria. Kama litatosha sijui, sitakudanganya. Lakini aliyekimbia hana nafasi ya kulisema, na hilo mwambie mama bila kumung'unya maneno.

Kisha kuna hiyo siri. Ni ya mama, si yako, na kiapo ulikula, kwa hiyo usiende kumnong'oneza mumeo pembeni. Kaa na mama, mwombe aseme mwenyewe. Mkwe anayethubutu kumwambia Radi avute pumzi hashindwi kumwambia alikozaliwa. Unaogopa mumeo atachagua kazi, na kweli wapo wanaume wa hivyo. Heri umjue wako leo kuliko kumjua siku maofisa wamesimama mlangoni.

Mama akimaliza kusema, Radi atataka kukimbilia sufuria. Ichukue, irudishe jikoni. Mwambie alisome tangazo lake lote hapo hapo, anamtazama mama usoni, mpaka kwenye "safari njema," na avute pumzi kama alivyofundishwa. Wewe usisimame kusikiliza atakwama wapi. Nenda chumbani ukafungue lile begi, umletee mama sindano zake, kuna mkono mmoja haujakwisha.