Shavu la Kushoto la Baba

Shirere, Kakamega

Kwa kaka yangu mpendwa Andati,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini mafunzo ya uaskari hayajakuchosha sana, na kwamba kile kikohozi kimekuacha. Sisi tu wazima. Mama amemaliza kuvuna mahindi. Kitindamimba wetu Elvis ameanza chekechea, naye humwita Andati kila mtu aliyevaa sare.

Nakuandikia kwa kuwa huko hamruhusiwi simu. Jumamosi hii ni makumbusho ya marehemu Baba. Baba mdogo Ignatius aliamua kwamba jamaa wote wavae fulana zenye picha yake. Picha zetu ziliharibika paa lilipovuja, ikabaki moja tu, ile ya harusi ya shangazi Senje, ambapo kofia ya mama mmoja inamfunika Baba upande wa kushoto, kuanzia jichoni hadi kidevuni. Mama alisema mimi ndiye msomi wa nyumba, nitajua la kufanya.

Nilikwenda maktaba ya mjini, nikaiingiza picha kwenye kompyuta. Kuna tovuti ya kurekebisha picha bila malipo. Unaifungua tu kama ukurasa wowote. Nilipaka rangi juu ya ile kofia, nikabonyeza palipoandikwa ondoa. Kofia ikayeyuka, Baba akanitazama kwa macho yote mawili. Nililia pale pale mpaka mkutubi akaniuliza kama nimefiwa.

Nyumbani walishangilia. Senje alisema nimemfufua kaka yake, tena amerudi mtanashati kuliko alivyoondoka. Baba mdogo akaipeleka kuchapishwa siku hiyo hiyo.  Mama aliishika picha dirishani, akapitisha kidole shavuni, kisha akauliza kwa upole kovu limeenda wapi.

Lile kovu la panga, Andati, alilolipata akikata miwa Musanda! Tovuti haikulijua, ikambunia shavu jipya. Nami nilifurahi kumwona hata sikukumbuka kulitafuta. Senje alidakia kwamba ni mwanga tu. Mama akanigeukia, nami nikaitikia kwa kichwa.

Nimerudi maktaba kujaribu kulichora. Kila nikilichora linaonekana kama uchafu, nalifuta. Na fulana zimeshachapishwa. Zimejaa sebuleni, na Elvis anapita akizisalimia moja moja: Baba, Baba, Baba.

Lakini siandiki kwa sababu ya fulana. Nikifumba macho sasa, anayekuja ni yule wa tovuti. Sikumbuki tena kovu lilianzia wapi. Wewe ndiye uliyekuwa ukimnyoa alipougua, mikono yako inajua. Lilianzia karibu na sikio au chini ya jicho? Lilifika mdomoni? Najua barua hii itakufikia makumbusho yakiwa yamepita. Niandikie hata hivyo. Mama siwezi kumwuliza, maana nilishakubali mbele yake kwamba ni mwanga.

Wote hapa wanakusalimu, na Elvis anataka umletee kofia ya askari. Jifunike vizuri usiku, Mungu akutunze.

Ni mimi mdogo wako,
Jescah