Bidoni za Mama na supu ya Kivietnamu

Jumapili. Mvua imenyesha tangu alfajiri na ziwa limekuwa na rangi ya udongo. Nina kichefuchefu, na wala si ugonjwa. Leo nimekula supu.

Kwa asiyeijua Kalemie: tuna mkahawa wa supu ya Kivietnamu, nyuma ya gare, stesheni ya treni. Msicheke. Zamani alikuja fundi mmoja Mvietnamu kusimika minara ya simu, akakaa miaka kadhaa, akamfundisha mpishi wake, Mama Godelieve, vyakula vya kwao. Alipoondoka, Mama Godelieve akafungua mkahawa pamoja na mumewe, Papa Dieudonné. Mifupa ya ng'ombe ilichemka usiku kucha pamoja na tangawizi iliyochomwa juu ya makaa. Tambi nyeupe za mchele zilitoka Bujumbura. Juu yake majani ya kitunguu, ndimu, pilipili. Tulikuwa tunatoka misa ya pili tunakwenda moja kwa moja pale, na nguo zetu za kanisani, na tulikuwa tunarudi na madoa kifuani.

Lakini supu ile ilisimama kwa sababu ya Mama yangu, Mama Anjelani.

Yule fundi alikuwa akilalamika kwamba hapa kwetu hakuna maji ya samaki, yale ya kahawia ambayo kwao wanatia kwenye kila kitu. Mama amezaliwa Zongwe, ziwani, samaki hawamshindi. Akajaza ndagala wabichi, dagaa wa ziwa letu, na chumvi nyingi kwenye pipa, akafunika, akaacha miezi. Kilichotoka kilinuka mpaka kwa majirani. Fundi alichovya kidole, akaonja, akakaa chini pale pale kwenye matope akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Tangu siku hiyo kila bakuli lilitiwa kijiko cha maji ya Mama. Yeye mwenyewe hajawahi kuionja ile supu, kwa sababu nyama ya ng'ombe inamkataa tumboni. Sifa zake anazisikia kwa watu tu, na zinamtosha.

Mama Godelieve alifariki nikiwa kazini Nyunzu. Nimerudi nyumbani mwezi huu, na nimemkuta Mama bado anaendelea. Kila mwisho wa mwezi Papa Dieudonné anakuja mwenyewe na pikipiki, anachukua bidoni, yaani dumu la maji yale, anamlipa mkononi, na hasahau kumwambia, "Mama, bila weye supu hakuna." Mama anatembea na neno hilo wiki nzima. Goti linamuuma, wanawe tumetawanyika, Papa yetu hayupo tena. Neno hilo ndilo linalomwamsha asubuhi. Leo akanituma: nenda ule, halafu uje uniambie.

Basi nimekwenda.

Nje wameweka kibao kikubwa chenye taa. Mama Godelieve hakuwa na kibao. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ningepaswa kugeukia pale pale mlangoni.

Meza inanata. Kiwiko changu kilishika, nikakibandua kama plasta. Mhudumu alikuja na kitambaa, akafuta meza, kisha kwa kitambaa hicho hicho akafuta ndani ya bakuli langu. Kwenye pilipili kulikuwa na nzi. Akamtoa kwa ukucha, akanisogezea pilipili.

Halafu ikaja yenyewe. Nyekundu! Nyanya ya kopo. Mafuta yameganda kwenye ukingo wa bakuli, meupe. Hakuna tambi za mchele, ni spageti za jana zilizovimba, zinakatika ukiziangalia tu. Mifupa hakuna. Katikati inaelea sosisi ya pinki, laini, yenye jasho. Nilionja mchuzi: chumvi na vidonge vya kiungo, vile vinavyobaki nyuma ya meno mpaka jioni. Nilitafuta ladha ya Mama kijiko baada ya kijiko, nikidhani labda imezama chini. Nilichokuta chini ni mchanga.

Nilinyanyuka kwenda uani kabla sijaaibika mbele ya watu.

Na huko uani, kando ya choo, nikaziona. Bidoni za njano, zimepangwa ukutani, nyingine zimeota ukungu. Kila moja ina kipande cha kitenge kilichofungwa kwenye kifuniko, na kila kitenge kina fundo la Mama, ambalo ningelijua hata gizani. Hakuna hata fundo moja lililofunguliwa. Bidoni mojawapo ilikuwa imewekwa kuzuia mlango wa choo usijifunge.

Nilitapika. Nimeandika, basi.

Nilimwita Papa Dieudonné pembeni. Sikutaka kelele, mji huu ni mdogo na Mama angesikia kabla sijafika nyumbani. Nikamuuliza bidoni za Mama zinafanya nini chooni. Hakukana. Alifuta mikono kwenye suruali yake, akanitazama kama mtu asiye na kosa lolote.

"Bibi yangu Godelieve mbele ya kufa aliniambia, usiache kununua maji ya Mama Anjelani. Mimi ninanunua. Sijaruka hata mwezi moja."

"Na kuyatia kwenye supu?"

"Ile hakusema, mutoto wangu. Na wateja wa mabiro, wale wa maofisini, wanasema inanuka."

Ahadi ni deni, na huyu bwana deni lake amelilipa taslimu. Spageti ningesamehe, hata nzi ningesamehe. Lakini mtu anakuja nyumbani kwetu kila mwezi, anashika mkono wa Mama kwa mikono miwili, anamsifu, kisha anapeleka jasho lake likashike mlango wa choo! Mama anafikiri ana kazi. Kumbe anapewa sadaka.

Nikarudi nyumbani kwenye mvua. Mama alikuwa barazani, amekaa kando ya pipa, anachuja maji ya mwezi huu kwa kitambaa cheupe, tone kwa tone.

"Ulikula? Wanaitia ya kutosha? Ule mupishi mupya asiogope, mukono wake ukuwe mwepesi."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikamwona anavyokikamua kile kitambaa asipoteze hata tone. Nikimwambia, kesho atakuwa na sababu gani ya kukaa kando ya pipa? Na nisipomwambia, nina tofauti gani na yule mwenye kibao?

Hakusubiri jibu. Alininyooshea bidoni.

"Nusa. Imeiva?"

Nikanusa. Ilinuka samaki, chumvi na jua, ikanichoma pua, na ghafla nilikuwa na njaa, mimi niliyekuwa nimetapika mchana. Jumapili zote zilikuwa mle ndani.

"Imeiva, Mama."

Akafunga kitenge, akaniambia niweke kidole juu ya fundo ili alikaze. Nikaweka.

Ameshalala sasa, na mimi nimeshaamua. Jumamosi, mwisho wa mwezi, Papa Dieudonné asihangaike na pikipiki yake. Bidoni nitaipeleka mimi, saa ya chakula, kwa mlango wa mbele, wateja wa mabiro wakiwa wamekaa. Nitapita katikati ya meza mpaka jikoni, na fundo la Mama nitalifungua mwenyewe, juu ya sufuria yao.

Wanaotaka kuziba pua, wazibe.