Mama Haendi Chengdu

Nyuma ya Soko la Vitambaa,
Shigatse.
8 Septemba

Mpendwa mdogo wangu Gyurme,

Pokea salamu zangu, na uzipokee upesi maana leo zimetoka kwa shida. U hali gani huko Chengdu? Meirong hajambo? Norzin wetu jino la mbele limeshaota, au bado anacheka na pengo? Na joto, limepungua? Nauliza yote haya kwa sababu marehemu baba alitufunza kwamba hata mtu unayekwenda kumgombeza unamsalimu kwanza.

Sisi huku wazima. Mimi mzima, mashine yangu ya kushona nzima, na Mama mzima. Hilo la mwisho lisome tena, halafu umsomee mkeo kwa sauti. Mama ni mzima.

Nimeandika barua kwa sababu simu haifai. Sauti yangu ikipanda kidogo tu, wewe unasema mtandao unakatika. Karatasi haikatiki. Utaisoma mpaka mwisho, na ukitaka kubishana itabidi nawe ununue stempu.

Natanguliza yaliyo mepesi. Umesema mnakuja mwisho wa mwezi huu. Umechagua vizuri, hilo nakupa. Mvua zimeondoka, anga limetakata, na shayiri imekatwa karibu yote. Mchana jua linachoma, jioni unatafuta koti. Viazi vipya vimetoka. Lakini wiki ya sikukuu ya kuoga mtoni mmeikosa, imekwisha juzi, na hukuuliza hata siku moja inaangukia lini mwaka huu. Mtu wa Shigatse anapanga safari ya Shigatse kwa kutazama bei za ndege tu!

Halafu hoteli. Gyurme, hoteli? Una mama, una dada, una chumba ulichozaliwa ndani yake, kuta zake nimezipaka chokaa kwa mikono yangu hii mwezi uliopita, na wewe umelipia hoteli yenye bomba la hewa ya oksijeni kando ya kitanda, ya wageni wasiozoea mwinuko. Bibi Chungdak, jirani yetu wa mkahawa wa chai, aliposikia alicheka mpaka akaweka birika chini.

"Kijana wa hapahapa anakuja kununua hewa yetu?" akaniuliza. "Mwambie apite kwangu, nitampa bure, na chai juu."

Sasa mtaa mzima unakuita Bwana Bomba, na mimi sikukutetea. Najua safari iliyopita uliishiwa nguvu ukatapika kwenye ngazi zetu mbele ya wageni. Lakini nani alikutuma ushuke kwenye ndege na kwenda moja kwa moja kunywa pombe ya shayiri na rafiki zako? Bonde la Chengdu limekulegeza. Kubali tu, halafu ufuate ninayokuambia.

Siku ya kwanza mlale. Msioshe vichwa. Msikaribie ngazi za monasteri hata kama Meirong anataka picha. Mnywe chai ya siagi, akikunja pua akunje, lakini anywe. Pombe usiiguse mpaka nikuruhusu mimi. Na Norzin akiwa na mafua, hata yale madogo ya kupenga mara mbili, ahirisheni safari. Mtoto mwenye mafua haletwi kwenye mwinuko huu, na hapo sitanii.

Sasa nakuja kwenye lenyewe.

Wiki iliyopita Meirong, ambaye Mungu hakumpa kipaji cha kuficha jambo, alinitumia picha ya chumba. Kitanda kipya, taa ndogo, kimeza cha kuwekea vikombe vya maji ya sadaka. Akaniuliza Mama anapenda pazia la rangi gani. Nikamwandikia upesi. Pazia la nini? Ndipo akaniambia, tena kwa furaha, kwamba mnakuja watatu na mtaondoka wanne. Tiketi ya Mama mmeshaikata. Alidhani najua. Alidhani wewe, mtu mzima mwenye akili zako, umeshazungumza na dada yako.

Hivi wewe ni mtu wa namna gani? Mama si kabati ukasema tutalihamisha, huku patabaki alama ya vumbi ukutani. Unamtoa mzee wa miaka sabini na mbili kwenye jua hili, unampeleka kwenye mji ambao mkiona jua mnapiga picha. Atakaa ghorofa ya kumi na tisa azungumze na nani? Kichina chake ni cha kununulia vitunguu. Kila asubuhi anaizunguka monasteri na shanga zake za sala na wenzake wanne, wanasengenya njia nzima, na ndiyo dawa yake. Huko atazunguka nini? Lifti?

Utasema anakohoa. Alikohoa kwenye simu kwa sababu alikuwa anakula unga wa shayiri mkavu huku anaongea na wewe, nilikuwapo. Juzi mtoni alifua zulia la chumba kikubwa, akalibeba likiwa limelowa, na nilipotaka kumsaidia akanisukuma kwa kiwiko. Huyo ndiye mgonjwa wako.

Usinijie na lile neno la kwamba ni zamu yako. Zamu haichukuliwi chini kwa chini. Baba alipolala miaka ile yote, mimi ndiye niliyemgeuza kitandani. Sikulalamika na sitaki shukrani. Ninachotaka ni kuulizwa. Ulipokata tiketi ile ulifikiri mimi nitafanya nini humu ndani? Nitamchemshia nani chai? Nitagombana na nani asubuhi? Hukunifikiria kabisa, Gyurme. Hata kwa ubaya hukunifikiria. Hilo ndilo linaloniuma, na nimelia kwa hasira mpaka nimeharibu kola ya mteja.

Kwa hiyo sikiliza. Njooni watatu, mle, mlale, mwondoke watatu. Mama haendi Chengdu.

Barua niliiacha hapo jana. Leo naendelea, na nilikuwa na nia ya kuzichana karatasi za juu, lakini nimezisoma na kila neno bado nalimaanisha. Umelisababisha mwenyewe.

Nilipoweka kalamu, damu ilikuwa bado inachemka, nikaona niende kwa Bibi Chungdak nikanywe chai ya maziwa nipoe. Nikakaa mahali pangu pa kila siku. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, kulikuwa na mzigo uliofungwa kwa kitambaa chetu, kile chekundu cha Mama, na skafu nyeupe ya baraka juu yake.

Huna haja ya kuelezwa maana yake. Unakumbuka baba alipotakiwa hospitalini Lhasa na siku ya gari ikawa siku yake mbaya? Mama alimtolea mzigo siku njema iliyotangulia, ukalala kwa jirani, ili safari ihesabiwe kwamba imeanza siku ile. Basi nilipoona mzigo ule nilijua kuna mtu wa nyumba yetu ameshaondoka kabla ya kuondoka. Na mtu mwenye tiketi alikuwa mmoja.

Nilisimama nikaushusha. Bibi Chungdak akaja mbio na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi.

"Wee Yangkyi! Usiufungue, utarudisha safari ya watu nyuma!"

"Safari ya nani? Mnanificha tangu lini?"

"Muulize mama yako. Mimi kazi yangu ni msumari tu."

Nikaufungua palepale mezani. Sikukuta aproni ya Mama wala viatu vyake. Nilikuta joho langu la bluu, lile nililodhani limepotea, na viatu vyangu vya sikukuu, vimepigwa rangi.

Nikaenda nyumbani nimeukumbatia mzigo, nusu umefunguka, watu wananitazama. Mama alikuwa uani anachambua maharage.

"Mama, hii ni nini?"

"Macho si unayo? Joho lako."

"Limefuata nini kwa Chungdak?"

"Limeanza safari. Ndege yao ya kurudi ni Alhamisi, na Alhamisi ni mbaya kwa mtu wa mwaka wa Kondoo. Kwa hiyo wewe umeondoka tangu Jumatatu. Imebaki miguu tu."

Nikamwambia tiketi ina jina lake yeye. Hapo ndipo alipotupa maharage kwenye ungo.

"Basi mdogo wako ni mjinga! Mimi nilimwambia hivi kwenye simu: mkija, mtu mmoja wa nyumba hii ataondoka na nyinyi, kateni tiketi. Aliuliza ni nani? Hakuuliza. Na wewe umenuna wiki nzima, uliniuliza? Hukuuliza. Nyote wawili mmeniona mimi ndiye wa kubebwa."

Gyurme, nilipiga kelele. Sitakuficha. Mbwa wa jirani alianza kubweka na mimi sikunyamaza. Nikamuuliza nani atampikia. Akasema, "Wewe utotoni nani alikupikia?" Nikamuuliza bondeni naenda kufanya nini, sijui mtu wala njia. Akasema, "Ukapumue hewa nzito. Huku juu maji yanachemka upesi, na wewe umekuwa kama maji." Halafu akaendelea na maharage yake, ananiimbia kabisa.

Nikatoka na mzigo wangu kwapani. Nikaenda dukani kwangu. Asubuhi hii nimeshona mkono wa joho la mteja kinyume, ndani nje, na sijafanya kosa hilo tangu nilipokuwa najifunza.

Basi nina hasira na watu wawili sasa. Wewe umedhania bila kuuliza. Mama amepanga bila kusema. Amezungumza na mtabiri, amezungumza na Chungdak, hata mpwa wa Chungdak ameshakubali kuja kulala chumbani kwangu. Kila mtu mtaani alijua naondoka isipokuwa mimi. Na ile karatasi ya jana, niliyojaza maneno juu ya Mama na upweke wake, nikiisoma leo naona ni mimi niliyekuwa naogopa kubaki. Leo naogopa kuondoka. Sijui ipi ni afadhali, na usijaribu kunieleza kwenye simu.

Sijawahi kufika mbali kuliko Lhasa. Sijawahi kupanda ndege. Nina miaka arobaini na kitu, na mara ya mwisho mtu kuniuliza ninataka kwenda wapi, nadhani alikuwa kondakta.

Sasa fanya haya, na uyafanye bila hotuba. Futa hoteli ile. Wakikataa kurudisha fedha, ni ada yako ya shule. Tiketi ibadilishe jina, uandike langu kama lilivyo kwenye kitambulisho, si kama ulivyokuwa unaniita utotoni. Nakuja kwa miezi ya baridi tu, na kabla ya mwaka mpya wetu nitakuwa nimerudi. Asinitafutie mtu kazi wala mume. Mashine naileta. Uniambie watu huko wanavaa nini Oktoba, maana nasikia baridi yenu ni ya majimaji na inaingia kwenye mifupa.

Nisalimie sana Meirong, na umwambie sijamkasirikia yeye, asijilaumu kwa picha ile. Norzin mwambie shangazi yake atampima joho jipya, asikue mpaka nifike. Bibi Chungdak anakusalimu, na hewa anakuwekea.

Mama naye anakusalimu. Amesema Alhamisi hiyo, saa ya ndege, atapanda juu ya paa achome majani ya mreteni, moshi uwe mwingi, ili nione nyumbani nikiwa angani. Nikamwambia uwanja wa ndege uko mbali mno na mji, moshi wa paa moja hauwezi kuonekana. Hakuinua hata kichwa.

"Basi kaa dirishani," akasema.

Kwa hiyo, Gyurme, kiti changu kiwe cha dirishani. Ukinikatia cha katikati sitapanda.

Miungu ya njia iwafikishe salama, na vifua vyenu vizoee upesi.

Dada yako anayekupenda, na ambaye bado hajakusamehe,

Yangkyi