Mchanga Ulionipokea

Diani, Kwale

Dada yangu mpendwa Kaluki,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima huko Taru, pamoja na shemeji, watoto na mbuzi walionusurika kiangazi. Mvua je, imewakumbuka? Mimi ni mzima, na nikisema mzima namshukuru Mungu kwa dhati, kama utakavyoona.

Kazi ya kutembeza wageni ufuoni inaendelea vyema. Uliwahi kuniuliza kwa nini mchanga wa huku ni mweupe kama unga na wa kwetu mwekundu. Sasa najua, nawe usicheke. Kuna samaki aitwaye pono, mdomo wake kama wa kasuku. Kutwa huyaguguna matumbawe, yale mawe hai ya baharini, na kinachomtoka nyuma ndicho mchanga. Mawimbi nayo husaga makombe, kisha huleta yote pwani. Wageni wetu wanalala juu ya choo cha samaki! Kusi ikivuma mchanga huhama, kaskazi huurudisha. Na humo kaa huchimba nyumba zao, kasa hufukia mayai.

Aliyenifundisha hayo ni Mapenzi, binti wa Tiwi, anayelinda viota vya kasa. Siku moja maji yalipotoka tulipeleka wageni mwambani. Walipokwisha kurudi pwani, mimi nilibaki nyuma nikimchungulia pweza shimoni, nisitambue kuwa maji yanajaa. Mkondo ukanizoa. Wajua sisi wa bara hatukufunzwa kuogelea. Nilipigapiga maji mpaka nguvu zikaniishia. Ndipo nikasikia sauti ya Mapenzi: "Usishindane nayo, Nzioka! Lala chali!"

Nikalala chali. Akanifikia, akanishika ukosi wa shati, tukaenda na maji yalikotaka, hadi visigino vyangu vikagusa fungu la mchanga. Nilipiga magoti pale, Dada, nikalia kama mtoto. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru Mapenzi, nikawashukuru hata wale pono niliokuwa nikiwacheka.

Usiogope, sasa naogelea. Yeye ndiye aliyenifunza, na katika kufunzwa huko nimempenda, naye amenikubali. Nilikwenda kwao Tiwi kwa adabu. Baba yake, Mzee Chirau, alinisikiliza, kisha akauliza ni nani wa kwetu atakayekuja kuzungumza. Nikamwambia wazee wapo, lakini mama alipotutoka, aliyenibeba mgongoni ni dada yangu, naye alikuwa mtoto bado. Mzee akasema, "Basi wazee waje, lakini yeye atangulie."

Njoo, Dada. Mkeka ambao mama yetu angeukalia umeshatandikwa kwao Mapenzi kwa ajili yako.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na majirani wote wape mkono wangu. Mapenzi anakuamkia shikamoo, ingawa hamjaonana.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Nzioka