Chungwa, Ramani na Homa Yangu ya Jumanne

Alhamisi. Jua kali tangu asubuhi, na moyo wangu mwepesi.

Jumanne sikuwa na malaria. Sijamwambia mtu, hata Mama aliyenipikia uji.

Niliogopa darasa la sita. Nawafundisha hesabu kwa muda huku nikingoja matokeo yangu ya mtihani wa kidato cha nne. Jumatatu tuliweka karatasi nyembamba yenye miraba juu ya ramani ya ukutani, tukahesabu ukubwa wa nchi. Nikaandika ubaoni kwamba Greenland, kile kisiwa cha kaskazini, inakaribia kulingana na Afrika kwa ukubwa. Zainabu, ambaye babake anauza vitambaa soko la Gikomba, akanyoosha mkono.

“Mwalimu, kwani huko kote ni nchi moja, na Afrika yenye ukubwa uleule zimejaa nchi zote hizi?”

“Ramani haidanganyi. Kaa chini.”

“Lete futi ya babako ya kupimia vitambaa ukaipime,” wenzake wakamcheka.

Akakaa, macho kwenye dawati. Nilijua ameuliza vizuri. Kesho yake, badala ya kurudi kumjibu, nikajifunika blanketi na kusema nina malaria.

Jioni hiyo Mwalimu Nduku wa jiografia alikuja kwetu Makongeni kunijulia hali, na mfuko wa machungwa.

“Pole, msichana wangu. Kula haya upate nguvu. Watoto wanakuulizia.”

Nikamuuliza kuhusu Greenland ili tu asiendelee kunipa pole. Hakunicheka. Alichora Afrika kwa kalamu tumboni mwa chungwa, Greenland karibu na kikonyo, kisha akalimenya taratibu.

“Haya, lilaze hilo ganda mezani.”

Likapasuka juu na chini.

“Mchoraji wa ramani yenu hakutaka nyufa,” akasema. “Akavuta huko juu mpaka zikazibika, na Greenland ikavimba.”

Jana shuleni, siku nisiyo na kipindi na darasa la sita, akaniazima ramani nyingine, inayotunza ukubwa ingawa inapotosha maumbo.

Leo nimezitundika zote mbili.

“Jumatatu nilikosea,” nikawaambia. “Zainabu aliuliza swali zuri nami nikamnyamazisha. Zainabu, nisamehe.”

Zainabu akainuka, akachukua karatasi yenye miraba.



Kisha tukahesabu upya kwenye ramani ya pili. Greenland miraba miwili, Afrika ishirini na minane.

“Mara kumi na nne,” akasema Zainabu. Akaisogelea ramani. “Na hii nayo, Mwalimu, imeharibu wapi?”

Kabla sijajibu, nusu ya darasa ilikuwa imesimama na rula mbele ya ramani.

Namshukuru Mungu kwa mtoto yule, aliyeuliza tena baada ya mimi kumkalisha. Namshukuru kwa Mwalimu Nduku pia, aliyetembea kutoka Buruburu na mfuko mkononi kumtazama mgonjwa ambaye hakuwa mgonjwa. Kosa la ramani nimeliungama mbele ya watoto arobaini. Hili la homa nataka Mwalimu Nduku alisikie kutoka kinywani mwangu, siku nitakayoweza kumtazama usoni.

Mpaka siku hiyo, wewe unayesoma hapa, tafadhali usimwambie.